Pumzi ya Nne

Niliingia ndani kuchota maji ya rejeta, basi. Jua lilikuwa linazama upande wa Juja, baridi ya Julai imeshaanza kuuma vidole, na nje, kwa mara ya kwanza tangu nilinunue, gari langu lilikuwa linanguruma. Nilisimama jikoni na jagi mkononi nikicheka peke yangu.

Halafu likazimika.

Nilitoka mbio, maji yakinimwagikia miguuni. Shemeji yangu Kiilu alikuwa anashuka kutoka kiti cha dereva, anajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Lori la maji lilikuwa linaingia getini kinyumenyume, na gari langu lilikuwa limesogezwa kidogo tu, hadi kando ya ua wa miti ya kaiyaba.

"Umeizima?" nikamuuliza.

"Sasa ningeiacha ikinguruma tu? Petroli si maji, shem."

Nilitaka kumrarua. Ngoja nieleze sababu, usije ukadhani mimi ni mtu wa hasira za bure.

Gari lenyewe ni la michezo, la Kijapani, jekundu, na injini yake haina pistoni hata moja. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vya pembe tatu, vinaitwa rota, vinavyozunguka kwenye vyumba vyao siku nzima bila kuchoka. Ni injini tamu kusikiliza. Pia ina madeko kuliko kitinda mimba. Inakunywa oili kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa, na usipoiongezea inajiua yenyewe. Na ukiiwasha ikiwa baridi, huruhusiwi kuizima mpaka ipate moto. Ukiizima mapema petroli inafurika ndani, inaosha ile oili inayoziba kingo za rota, na hapo hutaiwasha tena mpaka ufungue plagi na kuanza upya. Kulisogeza gari kidogo kisha ukazima, ndiyo dhambi kubwa. Kila mwenye gari la aina hii anaijua. Nilikuwa nimemwambia kila mtu pale nyumbani Kalimoni, hata mbwa nilimwambia.

Nililinunua kwa dada mmoja wa Kihindi wa Thika, anaitwa Ishita, baada ya baba yake, Mzee Navnit, kufariki. Lilikuwa limekaa kwenye gereji yao likiwa limekufa kabisa, likaja kwangu juu ya lori. Nikalipeleka kwa mafundi. Fundi wa Githurai 45 alifungua boneti, akatazama, akaniuliza injini nimemuuzia nani. Mwingine alilala chini yake nusu siku, akatoka na grisi usoni na ushauri kwamba nifuge kuku. Basi nikaamua kulitengeneza mwenyewe. Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha matunda Thika, chuma hakinitishi. Kila jioni nikitoka kazini nilivaa ovaroli nyingine. Nilibadilisha pampu ya petroli, koili, plagi. Niling'oa hata waya mmoja mnene mwekundu ambao mtu alikuwa ameufunga kwenye betri, ukapitishwa kwenye tundu la bodi, halafu ukakatwa ukaachwa unaning'inia. Niliutukana, nikautupa kwenye takataka. Miezi yote hiyo, kwa ajili ya dakika chache za mngurumo, na Kiilu akazimaliza kwa vidole viwili.

Kiilu ni ndugu mdogo wa mke wangu. Anaishi Kiuu, anauza mayai kwa pikapu, na wikendi huja kutusaidia bila kuombwa. Sikumpiga. Nilimwambia akae mbali na mimi, akaenda kuketi kwenye pikapu yake pale chini ya mparachichi, amenuna. Lori likajaza tangi, likaondoka.

Nilijaribu kuwasha. Nilikanyaga mafuta hadi mwisho, nikazungusha stata. Injini ilizunguka lakini haikushika, na harufu ya petroli mbichi ikajaa ua mzima. Nikajaribu tena. Hakuna kitu. Nikapiga usukani ngumi, nikaumia mkono. Basi nikaweka jeki, nikaegemeza gari kwenye stendi, nikatoa gurudumu la mbele la kushoto, maana plagi za injini hii zimejificha huko nyuma yake. Nilipotoa ya kwanza ilikuwa imelowa chapachapa.

Nikaanza kuogopa kitu kibaya zaidi, kwamba zile kingo za rota zimevunjika. Kuna njia rahisi ya kujua. Unaacha tundu la plagi wazi, mtu mmoja anazungusha stata, mwingine anasikiliza kwenye tundu. Rota ina pembe tatu, kwa hiyo unasikia pumzi tatu za nguvu sawa. Puf, puf, puf. Moja ikiwa dhaifu, injini imekwisha.

Masikio yangu yameharibiwa na mitambo ya kiwanda. Nikamwita mke wangu, Mwongeli.

Mwongeli anafundisha kwaya. Akisikia sauti moja kati ya thelathini imeteleza, anakuonyesha kwa kidole ni ya nani. Alitoka jikoni na shuka mabegani, akilalamika kwamba ameacha maharagwe motoni, kwamba stima imepotea tangu mchana, na kwamba mimi nikiitwa kubeba kuni huwa sisikii. Nilimwonyesha tundu. Akachuchumaa pale penye gurudumu lililotolewa, akasogeza sikio.

Nilikaa kwenye kiti, nikakanyaga mafuta, nikazungusha.

"Ngapi?" nikauliza.

"Nne."

"Ni tatu. Rota ina pembe tatu."

"Baba Ndanu, mimi kazi yangu ni kuhesabu. Ni nne."

Ndanu ni binti yetu, yuko shule ya bweni, na Mwongeli akiniita hivyo kwa sauti ile najua ubishi umekwisha. Lakini nilikuwa nimekasirika. Nilizungusha tena, kwa muda mrefu zaidi, na mara hii nilijaribu kusikiliza mwenyewe kutoka kwenye kiti. Puf, puf, puf... halafu kitu kingine. Kirefu. Chembamba.

 Mwongeli alinijibu kwa kunong'ona.

"Tatu zinatoka," alisema. "Ya nne inaingia."

Nilishuka kwenda kuangalia upuuzi huo. Niliinama kwenye tundu nikanusa. Petroli, ndiyo. Lakini chini ya petroli kulikuwa na harufu nyingine, ya iliki, na ile dawa ya mafuta ambayo watu hujipaka kifuani wakiwa na homa. Nilimuuliza Mwongeli kama amejipaka dawa. Akasema hapana. Kwetu hatuna iliki pia, mimi siipendi kwenye chai. Nikaona hasira zangu zinanichezea pua, nikamwambia asogee zaidi, asikilize vizuri, tumalize kabla giza halijaingia.

Akasogea. Niliuona uso wake ukiwa karibu kabisa na lile tundu, mdomo wazi kidogo, jinsi anavyofanya akisikiliza wanakwaya wapya. Nikarudi kwenye kiti, nikazungusha stata.

Puf. Puf. Puf.

...

"Imenivuta," akasema.

Neno moja tu. Halafu sikumsikia tena.

Nilidhani ananichezea. Nilimwita, kimya. Nikashuka nikiwa tayari kugombana. Mwongeli alikuwa ameketi chini, ameegemea gari, macho wazi, mdomo wazi. Hakuwa anahangaika. Hakuwa anakoroma wala kukohoa. Kifua chake kilikuwa kimetulia tu... kimetulia kabisa.

Nilimwita Kiilu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja mbio, akapiga magoti, akashika mkono wa dada yake. Mwongeli alikuwa na pumu alipokuwa mtoto, ikamwisha akiwa shule ya msingi. Kiilu aliikumbuka, akasema ni pumu imerudi, ni moshi, apelekwe hospitali sasa hivi. Na kwa woga wake akasahau pikapu yake mwenyewe. Akarukia gari lililokuwa karibu, lililokuwa na ufunguo. Gari langu.

Nilipiga kelele kwamba halina gurudumu. Hakusikia. Alizungusha ufunguo.

Stata ikazunguka.

Mwongeli akavuta pumzi.

Nilimwona kwa macho yangu. Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena, pamoja na ile sauti, puf, puf, puf, na ya nne akavuta ndani, ndefu, hadi mabega yake yakainuka. Nilimwambia Kiilu aachie, kwa sababu bado nilikuwa nawaza kuhusu gurudumu. Akaachia.

Kifua kikasimama.

"Washa tena," nikasema.

Akawasha, Mwongeli akapumua. Kiilu alikuwa ameona pia. Alikuwa ananitazama kupitia kioo cha mbele, na hakuna kati yetu aliyesema neno la hospitali tena. Hospitali ya karibu iko mbali kwa mtu asiyepumua. Na tungempeleka vipi, tukiburuta injini pamoja naye?

Kilichobaki ni kuiwasha. Injini iliyofurika petroli, iliyonishinda hata kabla ya haya. Nilimwambia Kiilu azungushe kidogo kidogo, apumzike kidogo kidogo. Nilifuta plagi kwa kitambaa, nikafuta tena. Nilimimina oili kidogo kwenye tundu, nusu ikaniingia mkononi mwa shati. Kila stata ilipozunguka niliona petroli ikirushwa nje ya tundu kwa vitone, na kila mara Mwongeli alivuta pumzi kando yangu, na pumzi yake ilinukia iliki.

Halafu betri ikaanza kuchoka.

Stata ilizunguka polepole. Pumzi yake ikawa polepole. Puf... puf... Halafu stata ikatoa mlio wa tk, tk, tk, ikanyamaza.

Nilimtukana Kiilu, nikaitukana betri, nikamtukana Mjapani aliyebuni injini isiyo na pistoni. Kiilu alileta pikapu, akaigongesha kwenye bampa langu, trei za mayai zikaanguka nyuma. Nilifunga nyaya za kuchangia moto kutoka betri hadi betri. Muda wote huo Mwongeli alikuwa ameketi pale ametulia, macho yakinitazama bila kuniona. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Zungusha!"

Ikazunguka kwa nguvu. Akavuta hewa kwa sauti, nikasikia kitu kikiwika kifuani mwake. Nilimwacha apumue kiasi, nikahisi machozi yananitoka, nikayafuta kwa mkono wenye petroli, nikajipofusha jicho moja.

Sasa ilibaki plagi. Huwezi kuirudisha plagi injini ikizunguka, mgandamizo unaitupa nje. Nilimwambia Kiilu aache.

"Nikiacha hapumui."

"Kiilu. Acha."

Akaacha.

Kimya. Niliingiza mkono gizani nyuma ya chuma. Plagi hizi zinaanza kwa vidole, taratibu, ukiharakisha uzi wa plagi unapishana na wa tundu na kuharibika, na hapo hakuna injini tena. Niliizungusha. Ikakataa. Niliitoa, nikaanza upya. Ikakataa. Vidole vilikuwa vinateleza kwa oili, baridi imevitia ganzi, na bega langu lilikuwa limegusana na bega la mke wangu ambalo halikuwa linasogea.

Niliirudisha nyuma kidogo, jinsi ninavyowafundisha vijana kiwandani. Nyuma kwanza, hadi usikie inakaa. Halafu mbele.

Ikashika.

Niliikaza kwa spana, nikabandika waya wake, nikapiga kelele: "Kanyaga mafuta hadi chini. Washa!"

Stata ikazunguka. Ikazunguka. Moshi mweupe ukaanza kutoka kwenye ekzosi. Injini ikakohoa. Mwongeli akakohoa. Ikanyamaza, ikazunguka tena, ikakohoa mara mbili, halafu kitu kikalipuka ndani ya bomba na ua mzima ukajaa moshi, na ndani ya moshi nikasikia ule mngurumo. Mwembamba kwanza. Halafu ukatulia.

Mke wangu alipepesa macho. Akanitazama, akatazama mikono yangu iliyokuwa imemshika shingoni.

"Unanipaka grisi," akasema.

Hakukumbuka chochote. Alisema alisikia kizunguzungu kwa sababu ya petroli, akainuka, akaenda kuangalia maharagwe. Yalikuwa yameungua. Alinilaumu mimi.

Kiilu alitaka tumpeleke hospitali hata hivyo. Mwongeli akakataa, akasema hana lolote. Nilibaki karibu na gari, injini ikipata moto, na akili ikaanza kunirudi na kunipa majibu ya kawaida. Ilikuwa pumu. Ilikuwa mvuke wa petroli. Kiilu na mimi tulikuwa na hofu, mtu akiwa na hofu huona mambo. Kipimo cha joto kilipofika katikati, nilikaa kwenye kiti ili nilizime sasa kwa utaratibu unaostahili. Nilishika ufunguo, nikaurudisha kidogo.

Injini ikayumba.

Jikoni, sufuria ikaanguka.

Niliurudisha ufunguo mahali pake na kukanyaga mafuta kwa wakati mmoja. Nikangoja. Baadaye kidogo nikamsikia Mwongeli akiuliza huko ndani nani amehamisha mwiko wake, sauti ikiwa kavu, kama ya mtu aliyekimbia. Sikugusa ufunguo tena.

Nilimpigia simu Ishita. Sikusalimia hata. Nilimuuliza lile gari lina nini.

"Limewaka?" akauliza.

"Limewaka."

"Usilizime, Bwana Kyengo."

Halafu akanieleza, kwa sauti ya chini, kama kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. Mama yake alikuwa mgonjwa wa mapafu, anatumia mashine ya oksijeni. Chumba chake kilikuwa juu ya gereji. Stima ikipotea, Mzee Navnit alikuwa anaunganisha mashine hiyo na betri ya gari kwa waya mnene, kupitia kisanduku cha kubadilisha umeme, na kuwasha injini ili betri isife. Alikuwa anakaa kwenye gari jioni nzima, anaongeza oili, anazungumza na mkewe kwa kupaza sauti kupitia dirishani. Ishita alikuwa anaishi Nairobi. Jioni moja alifika nyumbani ghafla, akakuta nyumba giza, gereji imejaa moshi, baba yake amesinzia kwenye usukani. Aliogopa moshi utamuua. Alinyoosha mkono akazima.

"Ilikuwa haijapata moto," alisema. "Nilipoizima ilifurika, ikakataa kuwaka tena, na betri ilikuwa imechoka. Mama aliita mara moja tu."

Baba yake hakumlaumu. Aliukata ule waya mwenyewe, akaliacha gari pale pale, na hakusema naye tena hadi alipokufa. Ishita hakuwa amewahi kuambiwa kazi ya waya ule mpaka siku hiyo. Nilimwuliza kwa nini aliniuzia kitu kama hicho. Akasema lilikuwa limekufa, mafundi wote walisema halitawaka tena.

Kisha akauliza, polepole sana, "Kuna harufu ya iliki?"

"Iko."

Nilimsikia akishusha pumzi. "Naweza kuja kumsikiliza?"

Nilikata simu. Sikutaka maswali ya aina hiyo kwangu.

Tangu wakati huo halijazimwa. Nilirudisha gurudumu likiwa linanguruma. Naongeza oili likiwa linanguruma, na inaniunguza mikono. Kiilu analeta petroli kwa mitungi kutoka Juja, anamimina huku amegeuza uso, kisha anaondoka bila kunywa chai. Kiwandani nimesema mimi ni mgonjwa. Nalala kwenye kiti, na nikisinzia mguu unabaki juu ya mafuta. Injini hizi hazikuumbwa kukaa mahali pamoja zikinguruma. Plagi zinachafuka, maji yanachemka, na kila siku sauti inakuwa nzito kidogo kuliko jana.

Muuguzi jirani alikuja kumpima Mwongeli, akasema kifua kiko safi. Jumapili alivaa nguo za kwaya akaondoka kwenda kanisani, akafika mwisho wa ua wetu, pale sauti ya injini inapoanza kupotelea, akashika mti. Alirudi akiwa anapepesuka. Anasema ni moshi wa gari langu umemharibu kifua. Nilimweleza ukweli wote, kuanzia mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema nimwone mchungaji. Siku hizi chai yake ina iliki. Nilimwuliza ameitoa wapi, akasema imekuwa ndani ya kabati siku zote.

Na Ishita alikuja. Kila jioni gari lake jeupe linaegeshwa nje ya geti, kioo kimeshushwa, naye amelaza kichwa dirishani, macho amefumba. Hashuki. Hasalimii. Nimemfukuza mara kadhaa, anasogea mbele kidogo, halafu anarudi.

Jana giza lilipoanza kuingia Mwongeli alitoka nyumbani na begi la nguo. Aliliweka chini karibu na mlango wa dereva. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwani, kile cha safari, na macho yalikuwa mekundu. Aliniambia anaenda kwa mama yake. Aliniambia majirani wamemlalamikia yeye, si mimi, kuhusu kelele. Kwamba naliangalia gari usiku na mchana, nalilisha, nalinywesha, na yeye akikohoa kule ndani siulizi.

"Na huyo mwanamke wa pale nje," akasema, "anangoja nini?"

Nilitazama kipimo cha joto. 

"Chagua, Baba Ndanu. Ni mimi ama ni hii gari."

Aliingiza mkono dirishani, akashika ufunguo. Nilimkamata kifundo cha mkono. Nilimkamata kwa nguvu kuliko nilivyotaka, na tukatazamana hivyo, mkono wake kwenye ufunguo na wangu juu ya wake, na nikaona usoni mwake kwamba amepata jibu lake. Aliachia. Akaketi chini juu ya begi, akafunika uso kwa mikono miwili, akaanza kulia.

Alilia vibaya. Kilio kilikuwa kinakatika katikati, kinakwama, anafungua mdomo na sauti haitoki, kwa maana jioni ilikuwa ya baridi na mngurumo wa injini ulikuwa umeshuka.

Nikakanyaga mafuta kidogo, ili apate pumzi ya kumalizia kulia.